Saa Moja Pungufu Visiwani

Lisbon, 14 Septemba 1998

Mama mkubwa Ermelinda,

Naomba baraka zako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kuku wazima, na jirani yetu Hortênsia mzima pia pamoja na ulimi wake. Mimi sijambo. Nyumba niliyopanga iko ghorofa ya tano, lifti ni mbovu tangu siku niliyohamia, na mwenye nyumba anasema ngazi ni dawa. Joto la huku linanikausha hadi naukumbuka ukungu wetu, ambao nilipokuwa nyumbani nilikuwa nautukana kila asubuhi.

Sasa kaa kitako. Alhamisi ile hukuota. Aliyekuwa akikupungia mkono kutoka mbele ya ndege alikuwa mimi kweli. Wamenipa njia ya kwetu, Santa Maria! Mimi ndiye rubani msaidizi wa ndege ya Alhamisi, tukipokezana zamu na Bwana Queirós, mtu mwema sana ambaye nywele zote zimemhama kichwani zikaenda kujenga kwenye masharubu. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa wasije wakabadili mawazo. Nilipokuona umesimama kwenye uzio na kile kitambaa cha meza cha kantini, unakipeperusha kama mtu anayeita meli, kapteni aliniuliza, "Yule ni nani?" Nikamwambia, "Yule ndiye aliyenilea." Akasema, "Basi ngoja tumgeuzie ndege vizuri," akaigeuza taratibu ili unione.

Uliniuliza kwa simu ni mbali kiasi gani, kisha ukakata kabla sijajibu, eti simu inakula maneno. Ni kilomita elfu moja na mia nne na kidogo, maji matupu. Upepo ukiwa na adabu tunazimaliza kwa saa mbili na robo. Lakini ukisoma ratiba utaona tunaondoka Lisbon saa moja asubuhi na kutua kwenu saa mbili na robo. Abiria mmoja Mjerumani alikuja kunishika mkono: hongera, saa moja na robo tu! Nikamshukuru, nikamwacha aende. Nilikuwa namkumbuka babu na hadithi yake ya saa inayoachwa uwanjani. Kila redio ya huku inapotangaza saa na kumalizia "saa moja pungufu Azores," kwa kuwa saa za visiwa vyetu ziko nyuma, mimi huona wameniita jina.

Ombi langu ni moja. Njoo Lisbon. Umewapikia abiria mayai miaka yote ile na wewe mwenyewe hujawahi kuwa abiria. Nataka siku moja ukae nyuma yangu.

Barua hii itapanda ndege ya Alhamisi pamoja nami, mimi puani mwake na yenyewe tumboni.

Wako akupendaye,
Lucília


Santa Maria, 24 Septemba 1998

Lucília mwanangu,

Mungu akubariki. Sisi hatujambo. Yule kuku mweusi amekufa, kwa uzee na ujeuri. Ukungu umekalia mlima siku nne. Matikiti mwaka huu ni matamu mpaka yanatia kiu. Hortênsia anakusalimu, na anadai nimetia chumvi mahali pa sukari kwenye biskuti za masikio, zile zinazokunjwa kama sikio, nilizopeleka kanisani. Muongo mkubwa. Au tuseme mkono uliteleza.

Kuhusu kutua kwako sina maneno, na wewe wajua mimi kukosa maneno si kawaida yangu. Upepo ulikuwa wa kando, ule mbaya unaotoka baharini, unaowafanya hata marubani wakubwa wazungukezunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wewe ukaishusha kama unamlaza mtoto aliyekwisha kulala. Nilianza kazi jikoni pale uwanjani nikiwa msichana, wakati ndege zote za kwenda Amerika zilikuwa zinashuka hapa kunywa mafuta. Nimewaona waliotoka Paris, Roma, London, wamekunja nyuso wanataka kahawa. Nimewasikia marubani wakitua mamia kwa mamia. Sijasikia aliyetua hivyo. Nasema kweli, si kwa kuwa nimekulea.

Padri alikutaja Jumapili katika mahubiri. Alisema, "Rubani wetu." Nilijifanya natafuta rozari kwenye mkoba.

Sasa hilo la kuja Lisbon. Wewe unasema ni saa mbili na robo. Mimi naisoma ratiba iliyobandikwa ukutani pale uwanjani. Kutoka hapa mnaondoka saa tatu na robo, mnafika Lisbon saa sita na nusu. Hizo ni saa tatu na robo. Kurudi ni saa moja na robo. Njia ni ile ile, bahari ni ile ile. Ratiba ndiyo imeandika, si mimi. Na babu yako, aliyezijaza mafuta ndege mpaka mgongo ukamwisha, alikuwa akisema kila anayeondoka Santa Maria huacha saa yake moja pale uwanjani, na akirudi huiokota palepale. Wewe ulicheka nayo utotoni. Mimi sicheki. Wapo walioiacha na hawakurudi kuifuata. Hayo tuyaache.

Mimi sina saa ya kuacha. Wewe njoo, kwa kuwa kuja ni karibu. Mimi nitakuwa kwenye uzio kila Alhamisi.

Mama yako mkubwa,
Ermelinda


Lisbon, 25 Oktoba 1998

Mama mkubwa,

Naomba baraka zako, na msamaha kwa kuchelewa kujibu. Mwezi huu umenipita bila kuaga. Mimi sijambo, ila tumbo limenivuruga kidogo. Harufu ya kahawa, ambayo wajua nilikuwa naweza kuifuata mpaka jikoni kwa watu, sasa inanikimbiza. Nadhani ni chakula cha kwenye kantini yetu. Laiti wangekuwa na mpishi kama wewe.

Kazi inaendelea. Alhamisi zinaendelea. Usishangae siku nyingine ukiona mkono tu dirishani bila kuona uso, kwa sababu jua la asubuhi hupiga kioo vibaya.

Barua yako ya mwisho niliisoma kwa shida. Mistari ilikuwa inapanda mlima. Umeandikia magotini, au umebadili kalamu? Na mbona hukuniambia kama ulipata picha niliyokutumia? Rafiki yangu aliipiga nikiwa nimevaa sare.

Bado nakuomba uje. Kuna chumba, kuna kitanda, kuna dirisha linalotazama mto. Nakuhitaji zaidi ya ninavyoweza kuandika.

Barua hii itakufikia Alhamisi.

Lucília


Santa Maria, 20 Novemba 1998

Lucília wangu,

Mungu awabariki. Hatujambo. Mvua imenyesha hadi paa letu la bati linaimba usiku na mchana. Mabomba yameziba. Hortênsia amegombana na muuza samaki na sasa hatuli samaki mpaka mmoja wao afe. Mimi mzima, nguvu ninazo. Kalamu ndiyo mbovu, na meza ina mguu mfupi. Picha niliipata, ni nzuri sana, umependeza.

Jana nilikuona. Upepo ulikuwa mkali, watu walikuwa wanasema haitatua, itageuza iende kisiwa cha São Miguel. Mimi nikawaambia, nyamazeni, hamjui ni nani yuko mle ndani. Ukatua. Nikapeperusha kitambaa hadi mkono ukaniuma, na wewe ukanipungia muda mrefu kuliko siku zote. Nywele zako umezifunga nyuma na zimekupendeza mno. Unafanana na marehemu mama yako alipokuwa kijana. Nilimwambia kila mtu pale uzioni: tazameni, mtoto wetu huyo, hakuna upepo unaomtisha. Nilijisikia mrefu.

Kwa hilo tumbo, usiamke na kahawa. Weka biskuti kavu kando ya kitanda, utafune mbili kabla hujainua kichwa kwenye mto. Kisha kaa. Kisha simama. Usipande hizo ngazi za ghorofa tano mbio. Nakutumia kopo zima la biskuti za masikio, na safari hii ni sukari, Hortênsia amezionja mbele ya mashahidi.

Kuja siwezi. Kuna kuku.

Ermelinda


Lisbon, 9 Januari 1999

Mama mkubwa wangu,

Naomba baraka zako, na safari hii naziomba kwa hofu.

Krismasi sikuja, na sababu niliyokupa kwa simu, kwamba zamu zimebana, haikuwa ya kweli. Barua yako ya Novemba nimeibeba kwenye mkoba miezi miwili karibu. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana, kwa maana siwezi kukuuliza ninachotaka kukuuliza bila kukwambia ninachokuficha. Basi leo nasema vyote.

Yule uliyempungia kitambaa tarehe ile hakuwa mimi. Alikuwa Bwana Queirós. Nywele zilizofungwa nyuma zikakupendeza mno ni za mtu asiye na unywele hata mmoja. Mimi ndiye niliyemwomba, nikamwambia, "Ukifika Santa Maria kuna mama yuko uzioni na kitambaa cha meza, tafadhali mpungie." Naye, Mungu amlipe, amekupungia kila Alhamisi tangu Oktoba. Niliposoma habari za nywele nilicheka peke yangu sebuleni. Kisha nikaacha kucheka. Niliiangalia tena ile mistari inayopanda mlima, nikakumbuka chumvi kwenye biskuti, nikampigia Hortênsia simu dukani kwake.

"Haloo, Hortênsia? Ni Lucília."

"Wee! Rubani! Nani kafa huko?"

"Hajafa mtu. Niambie ukweli, mama mkubwa anaona?"

Nilisikia mtu anaomba kilo ya maharage. Kisha akasema, "Anaona anachotaka."

"Hortênsia!"

"Usinitie maneno mdomoni. Nimemuapia mbele ya taji la Roho Mtakatifu kule kanisani kwamba sitakwambia haoni. Sasa mimi nimekwambia?"

"Hujaniambia."

"Basi. Wala sijakwambia kuwa daktari wa macho alikuja hapa Agosti akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mashine ya kumtoa mtoto mgumu kama huyo iko Lisbon. Wala kwamba alisema akikomaa zaidi jicho litapata presha na hapo hakuna wa kusaidia. Mimi sijui kitu. Niache niuze maharage."

Mama mkubwa, mficha maradhi kifo humuumbua. Agosti! Miezi yote hiyo umesimama kwenye upepo unapungia kitu ambacho hukioni, kisha unaniandikia nimetua vizuri.

Na sasa langu. Sijarusha ndege tangu mwanzo wa Oktoba. Nina mimba ya miezi mitano. Rubani akiwa hivyo huwekwa ofisini, na mimi nipo ofisini nagonga mihuri. Kuhusu baba wa mtoto usiniulize. Hayupo na hatakuwepo. Sikukwambia kwa sababu uliniandikia kuwa padri alinitaja kanisani. Niliona jinsi ulivyonivika fahari, nikaogopa kuivua mbele ya kisiwa kizima. Niliogopa utaona aibu pale uzioni. Huo ndio ukweli wote.

Nimekupangia daktari. Ndege ni ya Alhamisi, tarehe kumi na moja Februari. Mambo ya njia ndefu na njia fupi nayajua, wala sitaki kubishana nawe. Nataka tu umwone huyu atakapokuja. Siyo kumsikia. Kumwona.

Lucília


Santa Maria, 22 Januari 1999

Lucília,

Anayeandika ni Hortênsia, kwa kuwa siri imekwisha na sina haja ya kuendelea kuhangaika na meza yenye mguu mfupi. Nimemwambia aandike ninachosema na asiongeze vyake. (Siongezi. Salamu mwanangu. Mimi sikukwambia kitu, umeona.)

Mungu awabariki. Nimesema a-wa-bariki. Hortênsia, andika vizuri. Sasa nenda katoe barua yangu ya Novemba uisome mstari wa kwanza. Ulidhani mkono umeteleza? Haukuteleza. Macho ni mabovu, barua zako nazisoma zikiwa zimegusa pua, lakini kichwa ni kizima. Mtu aliyefukuza kahawa, aliyeandika kuwa ananihitaji, aliyeniambia Septemba kuwa barua imepanda naye na Oktoba akaituma barua peke yake! Nimelea, mwanangu. Sikukuuliza kwa sababu nilingoja useme. Nikawabariki wote wawili, nikatuma biskuti, nikaendelea kupeperusha kitambaa kama kawaida. (Na mimi hakuniambia! Nimeyajua leo, kalamu mkononi.)

Aibu? Aibu ya nini? Wewe unarusha nyumba nzima ya watu juu ya bahari na kuiteremsha kwenye kijiwe kama hiki bila kumwaga hata kikombe. Mtoto atakayesema mama yangu alifanya hivyo ana bahati. Wa kusema watasema, midomo ni yao. (Asinitazame mimi.) Padri akikutaja tena, nitajifanya natafuta rozari vilevile.

Kweli ni kwamba tumefanana. Wewe umenificha mtoto, mimi nikakuficha mtoto wa jicho. Na wote wawili wamekomaa. (Hapa tumecheka mpaka nimeharibu karatasi.)

Sasa nitakwambia nisichokwambia siku zote. Mama yako, Odete, alipoumwa alipelekwa Lisbon kwa ndege ile ile ya asubuhi. Nilimfunga skafu kwa mikono yangu. Wewe ulikuwa kiunoni kwangu, unakula mkate. Babu yako alimwambia, "Unaacha saa yako, binti, usisahau kuifuata." Odete akacheka, akanigeukia mimi: "Dada, niwekee. Nitaifuata kabla ya Krismasi." Akapanda ngazi. Alizikwa kulekule Lisbon, na mimi sikwenda, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa lazima abaki na wewe. Tangu siku hiyo saa yake ipo pale uwanjani. Najua ni upuuzi. Nimekaa na upuuzi huo miaka ishirini na tano. Kila nikisoma ratiba naona kwenda ni mbali na kurudi ni karibu, na aliyerudi simwoni. Siogopi ndege, Lucília. Nimezisikia maisha yangu yote. Naogopa kuacha saa yangu juu ya ile yake. (Nimempa maji.)

Lakini umesema kumwona, siyo kumsikia. Hilo limenishinda.

Nitakuja. Nina sharti moja. Kwa kuwa nimempungia yule mwenye kipara Alhamisi zote hizo na kumsifia nywele mbele ya watu, basi anipeleke yeye. Sipandi ndege na mgeni.

Hortênsia atabaki na kuku. (Sijakubali.) Amekubali.

Ermelinda


Lisbon, 1 Februari 1999

Mama mkubwa,

Tunaomba baraka zako. Naam, tunaomba, wote wawili.

Nilikwenda nikaitoa barua ya Novemba. Mstari wa kwanza. Nimeusoma mara nyingi hata karatasi imelainika. Miezi yote niliyolala nikiwaza nitakwambiaje, kumbe ulikwisha kutubariki tangu Novemba na barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sijui mwingine duniani mwenye moyo kama wako, na nasema kweli, si kwa kuwa umenilea.

Bwana Queirós amecheka hadi masharubu yakalowa. Amebadilishana zamu na mwenzake ili akuchukue, na amesema kuwa hakuna aliyemsifia nywele kwa miaka ishirini, kwa hiyo atakuletea hata mto wa kuegemea.

Sikiliza: usigeuze saa yako ya mkononi. Wengine wote ndani ya ndege watazisogeza zao mbele, wewe iache ilivyo. Ukiwa hapa Lisbon ishi kwa saa ya nyumbani, ule kwa saa ya nyumbani, ulale kwa saa ya nyumbani. Hivyo hutakuwa umeacha kitu. Mimi nitakuwa mlangoni, tumbo mbele. Huhitaji macho kunipata. Nyoosha mkono tu.

Lucília


Santa Maria, 18 Juni 1999

Lucília mwanangu,

Mungu awabariki, wewe na Simão. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tazama mistari: imenyooka hata mwalimu wangu wa zamani angefurahi. Nimefika salama, kuku ni wazima na wamenenepa, na Hortênsia anawaita kwa majina aliyowapa yeye. Tumegombana kwa hilo, tumepatana kwa samaki. Nyumba ilinuka unyevu, nimefungua madirisha yote.

Nyumbani kwako sikuweza kukusimulia safari ya kwenda, kwa sababu kila nilipoanza mtoto alilia au wewe ulilia. Basi ilikuwa hivi. Ndege ilipoinuka nilishika mkono wa kiti kama mpini wa jembe. Tulipofika juu nikatulia. Nikaanza kuiangalia saa yangu, karibu kabisa na pua, maana ndivyo nilivyokuwa naona, nikitafuta ni mahali gani ile saa inaanguka. Nikamwita msichana mhudumu. Nikamuuliza, "Mwanangu, tumeshaiacha?" Akadhani nasema mzigo. Akanipigapiga mkono akaniambia, "Usijali bibi, kila kitu kipo chini salama." Nikasema asante. Nikaona amenijibu vizuri kuliko alivyojua.

Nilikusikiliza kuhusu saa ya mkononi, nikaishi kwa saa ya hapa miezi yote minne, ndiyo maana wauguzi waliniona mchelewaji. Lakini nitakuungamia jambo moja. Siku ile uliponipeleka kaburini kwa Odete, ulipokwenda kuchota maji ya maua, niliisogeza mbele. Kwa muda mfupi tu. Nilitaka mimi na yeye tuwe kwenye saa moja tukizungumza. Nikamwambia ana mjukuu njiani. Nikamwambia binti yake huweka ndege chini kama anayelaza mtoto. Nikamwambia saa yake ipo, sijaipoteza. Kisha nikairudisha saa yangu ilivyokuwa, na wewe ukaja na maji.

Bwana Queirós nimemtazama safari ya kurudi, kwa macho yote mawili. Ni kipara kweli. Nilimwambia, "Bwana, nimezisifu nywele zako kwa maandishi." Akainama mbele ya abiria wote, akaniambia, "Mama, nimeiomba ile barua kwa Lucília niitie kwenye fremu, amekataa." Usimpe. Tulipokaribia, nikaona kisiwa. Miaka yote ile uwanjani na sikuwahi kukiona kwa juu. Ni kidogo, Lucília. Ni kidogo jamani, upande mmoja mwekundu, upande mwingine kijani, na bahari pande zote. Nikafikiri kwamba kuna mtu hupita kilomita elfu moja na mia nne za maji akakipata kitu kidogo hivi asubuhi na mapema, katikati ya ukungu, na mtu huyo nilikuwa namkatia kucha. Nililia, na wala sikujificha.

Tulipotua, Queirós akatangaza saa, kisha akaongeza, "Saa moja pungufu." Kila mtu akasogeza saa yake nyuma. Mimi sikuwa na la kusogeza. Nilisimama pale chini kidogo, mahali nilipomfungia mama yako skafu. Nikaona nimerudi. Kwenda na kurudi, mimi Ermelinda, nimerudi.

Umeniambia utarudi kurusha ndege Septemba, na kwamba Simão utamleta kwa mara ya kwanza Agosti, kwenye sikukuu ya kisiwa. Nimekuwa nikilifikiria hilo hapa mezani. Mguu wa meza niliutilia kibao, kumbe kweli ulikuwa mfupi. Simão amezaliwa Lisbon. Hajaondoka hapa hata mara moja, hajaacha kitu chochote pale uwanjani. Lakini siku atakapotua ataongezewa saa moja kama abiria wengine wote, maana ratiba haibagui. Nikajiuliza, hiyo atakayoikuta itakuwa ya nani?

Mlete mtoto achukue saa ya bibi yake, Odete. Nimemtunzia vya kutosha.

Mama yako mkubwa,
Ermelinda